Injini Huulizwa Ikiwa Baridi

Mjomba aliinua siti ya mbele ya abiria, akashusha kiganja juu ya injini taratibu, kama mzazi anayempima mtoto homa, kisha akakiondoa.

"Ina joto," alisema.

Dalali akaeleza kwamba kijana wa yadi aliiwasha kidogo tu wakati wa kuiosha. Mjomba akarudisha siti mahali pake, akamshukuru kwa adabu, akanigeukia. "Twende zetu, mama. Kesho saa kumi na mbili tutakuwa hapa, kabla haijaamshwa."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Kinondoni, Dar es Salaam. Siku iliyotangulia tulikuwa tumekaa ndani ya basi tangu alfajiri, kutoka Lushoto hadi Kituo cha Magufuli pale Mbezi, kwa ajili ya HiAce hiyo nyeupe. Picha zake nilikuwa nazo kwenye simu kwa wiki mbili. Usiku nilikuwa nikizifungua na kuwapanga watu: mama nyuma ya dereva, shangazi pembeni yake, watoto wa dada siti ya mwisho. Sasa tulikuwa tunaiacha bila hata kuiwasha, na koo lilinikaba. Mjomba aliona, lakini hakusema kitu mpaka tulipofika barabarani.

"Injini ya dizeli huulizwa ikiwa baridi," aliniambia. "Ikishapata moto, inakujibu unachotaka kusikia."

Sisi ni watu wa milimani. Kutoka Mombo, pale kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, hadi Lushoto mjini ni kilomita 33, na ndani ya kilomita hizo barabara inapanda karibu mita 1,000. Ni nyembamba, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, kona baada ya kona hadi Soni na kuendelea. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya mkoa Tanga, mfanyabiashara anayefuata kabichi zake Dar es Salaam, mwanafunzi anayerudi bweni, wote huteremka njia hiyo. Wengi huteremka ndani ya Noah iliyotengenezwa kwa watu wanane huku ikiwa imebeba kumi na wawili. Mama yangu ana miaka 72 na magoti yake hayakunjiki vizuri. Mwaka jana, tukienda msibani Mlalo, alisafiri ameegemea mlango uliofungwa kwa kamba. Tulifika salama. Lakini mimi nilikaa nyuma yake, na safari nzima nilikuwa nimeshika kanga yake kiunoni, kana kwamba mkono wangu ungemzuia mlango ule ukifunguka.

Tuliporudi kutoka msibani tukaita kikao cha familia. Kaka yangu wa Tanga, dada anayefundisha Korogwe, mama na mimi, kila mmoja akataja alichonacho, nami nikaongeza mkopo wa SACCOS. Tulikubaliana gari lipige kazi kati ya Lushoto na Mombo Jumatatu hadi Jumamosi, lilete hesabu, lilipe mkopo. Jumapili, na siku yoyote ya msiba, harusi au mgonjwa, liwe la nyumbani. Jumla ya fedha ilikuwa shilingi milioni 17.

Kwa kiasi hicho hatukuwa na njia ya kuagiza Japani. Unalipa bei ya gari, meli na bandari, halafu zinafuata kodi: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18, na tozo ya uchakavu kwa gari lililopita umri. HiAce ya dizeli yenye umbo jipya, lile lililotoka kiwandani kuanzia mwaka 2004, ilikuwa mbali na mfuko wetu. Tulibaki na soko la humu ndani, la magari yaliyokwisha kutembea katika barabara zetu, ambayo wauzaji huyataja kwa herufi inayoanza baada ya tarakimu za usajili: hii namba B, hii namba C, hii namba D, kama wazee wanavyotaja rika za vijana.

Kwamba liwe la dizeli, hilo mjomba hakulijadili. Ameendesha malori miaka 31, sehemu kubwa kati ya Dar es Salaam na Tunduma. "Petroli inataka uikimbize ndipo ikupe nguvu," alisema tukiwa ndani ya basi. "Dizeli inakupa nguvu ikiwa inatembea. Na Soni haipandwi mbio." Hesabu ya mafuta nayo ilikuwa upande wake, kwa sababu gari linalopanda na kushuka mlima mara nne kwa siku huacha faida yake yote kwenye kituo cha mafuta ikiwa injini yake ina kiu.

Safari hiyo ya basi ilikuwa darasa langu. Mjomba alinifundisha kwamba herufi zinazotangulia namba ya chesisi ya HiAce ndizo zinazotaja ukoo wa injini yake. LH ni watoto wa familia ya L: 2L, 3L na 5L. Hizi ni dizeli za zamani zisizo na tabo, pampu yao ni ya vyuma vitupu, na fundi yeyote mwenye mashine ya kupimia nozeli anaweza kuzitengeneza. 3L ina cc 2,779, na 5L ina cc 2,986. KZH ni 1KZ, lita tatu yenye tabo, ina nguvu nzuri mlimani, lakini haisamehe kuchemshwa. KDH ni injini za kisasa zaidi, ambamo dizeli husukumwa kwa shinikizo kubwa sana hadi kwenye nozeli zinazoamriwa na kompyuta. Ukikuta RZH au TRH, hiyo ni petroli, hata muuzaji akiapa kwa wazazi wake. Nilipofika Segera nilikuwa nimekwisha kuandika yote kwenye simu, na kwa siku zilizofuata mistari hiyo mitano ilinisaidia kuliko matangazo yote niliyokuwa nimeyasoma kwa mwezi mzima.

Kesho yake saa kumi na mbili kasorobo tulikuwa mlangoni mwa yadi ile ya Kinondoni. Mlinzi alitufungulia. HiAce ilikuwa na umande kwenye kioo. Kibao cha chesisi kilisoma KZH. Mjomba aliinua siti, akagusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika: baridi kama jiwe la kusagia. Akafungua mfuniko wa rejeta, akajaza maji mpaka mdomoni, akaniita nisimame pale nitazame maji hayo na nisitazame kitu kingine. Kisha akamwomba kijana awashe.

Iliwaka mara moja. Mlio ulikuwa mzuri, na dalali, aliyekuwa amefika akipiga miayo, akatabasamu. Mimi nikatazama maji. Kwa nusu dakika yalitulia. Halafu yakatoka mapovu, madogo madogo, mfululizo, kama sufuria ya chai inayokaribia kuchemka, na injini ilikuwa bado ya baridi.

"Mzee, hiyo hewa tu, imeingia ulipojaza," alisema dalali.

"Hewa ya kujazia hutoka ikaisha, mwanangu," mjomba alimjibu. "Tusubiri iishe."

Tulisubiri dakika kumi. Haikuisha. Pale nilielewa kwa macho yangu kitu ambacho maelezo yasingenielewesha. Moto wa ndani ya silinda ulikuwa umepata upenyo wa kuingia kwenye njia za maji. Gasketi ilikuwa imeungua, au silinda hedi yenyewe ina ufa, na kwa 1KZ iliyowahi kuchemshwa, ufa wa hedi ni ugonjwa unaojulikana. Gari kama hilo linaweza kuzunguka Kinondoni mwaka mzima, barabara tambarare, safari fupi. Ukilipeleka Soni na watu kumi na wanne, upepo haliupati, gia ni ya pili, joto linapanda, maji yanasukumwa nje, na kabla hujafika kwenye maporomoko ya Soni umesimama kwenye kona na injini imekufa. Ingekuwa jana yake, injini ikiwa na joto na mfuniko wa rejeta haufunguki bila kuungua mkono, tungesikia mlio mzuri tu. Tungelipa.

Gari la pili lilikuwa upande wa Barabara ya Nyerere. Lilikuwa KDH, umbo jipya, na bei yake ilikaribia sana mfuko wetu, jambo ambalo lilimfanya mjomba akunje uso kabla hatujalifikia. Yeye alikwenda kwenye injini. Alifungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inanguruma, akaweka kiganja juu ya tundu. Ikiwa ringi zimekwisha, alinieleza, moshi hutoka hapo kwa mapigo kama bomba la jiko la kuni, na mafundi husema injini inapumua. Hii haikupumua. Moshi wa nyuma ulikuwa mwembamba. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba injini inafaa, ila nozeli zake zikiharibika bei yake itatutoa jasho, kwa sababu injini za aina hiyo hazivumilii dizeli chafu. Mtu wa umri wake anakumbuka vizuri miaka ile ambapo neno kuchakachua lilitoka kwenye vituo vya mafuta likaingia kwenye siasa na ndoa na kila mahali. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi, yakawa yanachanganywa kwenye dizeli, mpaka serikali ilipopandisha kodi yake mwaka 2011. Injini za L zilimeza mchanganyiko ule zikakohoa zikaendelea. Hizi mpya zisingeweza.

Wakati mjomba na dalali wa hapo wakizungumza injini, mimi nilipanda ndani kukaa mahali ambapo mama angekaa. Nilishika siti ya mbele yangu ili nijivute, na siti ikanifuata.

Nilishuka, nikapiga magoti, nikatazama chini ya sakafu kwa tochi ya simu. Gari lile lilikuwa limekuja nchini kama gari la mizigo. Mabati ya pembeni yalikatwa humu humu ili kuweka vioo, na siti zikafungwa juu ya sakafu kwa bolti zilizopita kwenye bati lenyewe, kila moja ikiwa na washa isiyozidi ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Hapakuwa na chuma cha kuvuka chini. Siti moja ilichomelewa kwenye kipande cha chuma cha pembe ambacho kutu ilikuwa imekila nusu. Mikanda haikuwepo, wala mahali pa kuifunga mikanda.

Nataka kulisema hili bila kulizungusha, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. HiAce iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya abiria ina sakafu iliyoimarishwa pale siti zinapokaa, na nguvu ya ajali hupita kwenye siti ikaenda kwenye chesisi. Gari la mizigo halina hayo. Lilibuniwa kubeba maboksi, na sakafu yake ni ngumu kwa kitu kinachokaa juu yake, si kwa kitu kinachovutwa kutoka humo kwa ghafla. Gari likigonga, siti yenye watu watatu inakuwa mzigo mmoja wenye uzito wa kilo mia mbili na zaidi, unaoruka mbele kwa kasi ile ile gari liliyokuwa nayo, na bolti ya washa ndogo inapasua bati kama kidole kinavyotoboa karatasi. Siti ya nyuma inawakuta wa katikati, ya katikati inawakuta wa mbele. Tunazika watu kisha tunasema breki zilikatika, tunasema dereva alilala, na hakuna anayeinama kutazama siti zilikuwa zimefungwa na nini. Kuna mafundi wanaoifanya kazi hii ipasavyo. Wanavusha chuma kizito chini ya sakafu kutoka boriti moja ya chesisi hadi nyingine, wanaweka bamba pana chini ya kila bolti, wanafunga mikanda kwenye chuma hicho hicho. Kazi yao inaonekana ukiinama. Basi uiname. Dalali aliniuliza, kwa upole kabisa, "Dada, wewe unanunua gari au unanunua viti?" Nilimjibu kwamba nanunua viti, na gari ni la kuvisogeza. Nilimaanisha hivyo.

Siku mbili zilizofuata nitazipita haraka. Tuliona HiAce nyingine nne. Moja ilisoma kilomita 98,000 kwenye dashibodi, lakini mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umelika mpaka chuma na usukani umelainika kama mpini wa jembe la babu. Moja iliunganishwa kutoka magari mawili. Moja springi zake za nyuma ziliongezwa vyuma viwili kila upande, ushahidi wa kutosha wa maisha iliyoyapitia. Ya nne ilikuwa nzuri, ila kadi yake ilikuwa bado imeshikiliwa na benki, na muuzaji alitaka tulipe kwanza ndipo aikomboe. Mjomba alisema hapana hata kabla sijamaliza kuuliza.

Tuliipata Kibaha. Muuzaji alikuwa dereva mwenyewe, kijana wa miaka thelathini na kitu, na gari lilikuwa limekuwa lake kwa mkataba: tajiri alimkabidhi, akawa anapeleka fedha kila siku, miaka miwili na nusu, mpaka deni likaisha na kadi ikabadilishwa jina. Sasa alikuwa anaingia ubia wa Coaster na shemeji yake. Tulimwomba tuje alfajiri. Alisema tuje saa yoyote, yeye gari hulala dirishani kwake.

"Shikamoo, mzee wangu," alimsalimu mjomba gizani, akiwa na tochi mkononi. "Kabla hujagusa, nikuambie matatizo yake."

Akayataja. Gia ya tatu inakwama kidogo asubuhi mpaka gia boksi ipate moto. Mlango wa pembeni reli yake ya chini imelika, hivyo unafungwa kwa kuinua. Liliwahi kuchemsha mara moja, Mlandizi, baada ya bomba la maji kupasuka, naye alizima hapo hapo, akalivuta kwa kamba, akaifungua hedi akaipeleka kusawazishwa. Risiti ya gasketi alikuwa bado nayo, na aliitoa. Tairi mbili za nyuma zinataka kubadilishwa. Alisema hayo yote akiwa amesimama mbele ya gari lake kama mtu anayemkabidhi binti kwa wakwe na hataki siku moja aitwe muongo.

Lilikuwa LH, injini ya 5L, gia za mkono, namba C, umbo la zamani, lile lililotangulia hilo la mwaka 2004. Rangi ilikuwa imefifia juu ya paa. Mjomba alijaza maji kwenye rejeta, nami nikasimama zamu yangu ya kuyatazama. Kijana alizungusha ufunguo nusu, akasubiri taa ya koili izimike kwenye dashibodi, akawasha. Ilisita, ikashika. Moshi mweupe ulitoka nyuma. Mjomba akaanza kuhesabu kwa sauti. Moshi mweupe wa asubuhi ni dizeli ambayo haijaungua, alinieleza baadaye, na ukiisha mapema hauna neno. Ukikaa, mgandamizo umepungua au plagi za kupashia moto zimekufa. Wa bluu ni oili. Mweusi ni nozeli, au filta ya hewa iliyojaa vumbi. Alipofika kumi na nane nyuma ya gari palikuwa peupe. Maji kwenye rejeta yalitetemeka kidogo kwa mtikisiko wa injini na hayakutoa povu hata moja.

Nilichofanya mimi ni kuinama. Chini ya sakafu palikuwa na chuma kilichovuka upande hadi upande, kimepakwa rangi nyeusi, na bamba chini ya kila bolti. Siti zilikuwa za kiwandani isipokuwa moja ya mwisho. Mikanda ilikuwa kwenye siti sita tu kati ya zote, lakini mahali pa kufunga mingine palikuwepo, matundu yenye nati, yamezibwa kwa plastiki.

Alitaka milioni 15. Mjomba alizungumza gia boksi, akazungumza tairi, ambazo ubavuni ziliandikwa 1114, maana yake zilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2014, na ingawa hazikuwa kipara, mpira wake ulijaa nyufa. Wakafika milioni 13 na laki mbili. Mjomba alikuwa ameniwekea sharti tangu Lushoto: moja ya tano ya fedha yote isiguswe na bei ya gari, kwa sababu gari lililotumika hununuliwa mara mbili, kwa muuzaji halafu kwa fundi.

Makaratasi yalichukua siku. Tuliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki kutazama faini, tukakuta moja, akailipa mbele yetu. Tulisaini mkataba wa mauziano kwa wakili, kila mmoja na TIN yake na kitambulisho chake, kadi halisi ikakabidhiwa, tukaanza kubadilisha umiliki TRA. Kibao kilikuwa tayari cheupe, cha biashara, hivyo hatukuhitaji kukitoa kwenye njano. Leseni ya njia ya LATRA ingebidi tuiombe upya kwa ajili ya Lushoto na Mombo, na mpaka itoke hakuna nauli ambayo tungepokea.

Kisha fundi. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa bila kuuliza una kilomita ngapi, pamoja na bearing yake na pampu ya maji, kwa sababu mkanda huo ukikatika valvu hukutana na pistoni na injini imekwisha. Tukabadilisha mipira yote ya maji, oili, filta zote, tairi mbili, pedi za breki za mbele, reli ya mlango. Nilisimamia ufungaji wa mikanda tisa mwenyewe, nikiivuta mmoja mmoja kwa uzito wangu wote. Gia ya tatu tuliiacha kama ilivyo. Itasubiri hesabu.

Tuliondoka Kibaha saa kumi na moja alfajiri. Mjomba aliendesha, mimi nilikaa katikati, juu ya injini, joto lake likipanda kwenye siti. Chalinze tulijaza tangi mpaka mdomoni ili tupime ulaji wake. Kuanzia hapo barabara ilinijaa moyoni kwa namna ambayo haikuwahi, ingawa nimeipita mara nyingi. Labda ni kwa sababu sasa nilisikia kila kitu: bearing ya gurudumu, upepo kwenye mpira wa kioo, mlio wa injini ukibadilika kwenye kila kilima kidogo. Wami tulipita juu ya daraja jipya, pana, na mjomba akanionyesha kwa kidevu lile la zamani, ambalo magari yalisubiriana kupita moja moja, na mteremko wake aliouogopa maisha yake yote ya lori. Segera tulinunua machungwa. Korogwe mkonge ulikuwa umekatwa upande mmoja wa barabara na upande mwingine umesimama mistari mistari mpaka vilimani. Mombo tulijaza tena tangi: karibu kilomita 11 kwa lita, gari likiwa tupu.

Nilidhani tutapumzika kisha tupande. Mjomba alisimamisha gari mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, akapakia mifuko 12 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, ambayo kaka alikuwa ameilipia kwa ajili ya ukuta wa nyumba ya mama. Aliigawa chini ya siti zote, si nyuma tu.

"Kwanza saruji," alisema. "Watu baadaye."

Tulipanda kwa gia ya pili na ya tatu. Sindano ya joto ilitoka robo, ikapanda taratibu mpaka karibu na nusu, ikakaa. Niliitazama kama nilivyoyatazama maji Kinondoni. Malori ya kabichi yalitushukia kwenye kona yakipiga honi, watoto wa njiani walitupungia, hewa ikaanza kupoa na kunukia mikaratusi. Soni sindano ilikuwa pale pale. Nilimshika mjomba bega. Yeye akatafuta mahali papana, akageuza gari, akaanza kurudi Mombo.

"Kupanda ni shida ya injini," alisema. "Kushuka ni shida ya watu."

Alishuka kwa gia ile ile aliyopandia, na breki akazigusa kwa vipindi, hakuzikalia. Baada ya kilomita sita hivi alisimama, akashuka, akapita kila gurudumu akilisogezea kiganja. Kwenye la mbele kulia alikirudisha haraka. Lilikuwa na joto kupita wenzake. Breki yake ilikuwa inashika na kuchelewa kuachia. Hakukasirika, na mimi sikukata tamaa. Tuligeuza tena, tukapanda pole pole mpaka Lushoto, tukaingia nyumbani giza limeshika, na hatukumruhusu mtu yeyote kupanda usiku ule, hata watoto waliokuwa wakirukaruka kando ya mlango. Kesho yake fundi wa Lushoto alilifungua gurudumu lile, akatoa pistoni ya breki iliyokuwa na kutu, akabadilisha mipira yake pande zote mbili.

Ilikuwa Julai, na Julai yetu ni baridi ya kuvalia koti mpaka saa nne. Asubuhi iliyofuata mjomba alitutoa wote nje kabla jua halijachomoza juu ya mlima. Alizungusha ufunguo nusu, akasubiri koili izimike, akawasha. Injini ilisita mara moja, ikasita mara ya pili, ikashika. Moshi mweupe ulijaa uani, na watoto wakaanza kuhesabu pamoja naye. Walifika ishirini na saba.

Mama alitoka na kanga mbili mabegani. Alipanda polepole, mkono kwenye siti ya mbele, akaikazia kwanza kuona kama inasogea. Akakaa nyuma ya dereva, akavuta mkanda kutoka pembeni, akauangalia, akaniambia nije nimwonyeshe unafungwaje.